Unga wa Nguvu Kwenye Uji

Mama alifungulia redio kwa sauti ya juu, akashika chupa ya soda, akaanza kusaga vidonge. Redio ilikuwa ya kuziba masikio ya watu. Vidonge vyenyewe vilikuwa vinene, rangi ya chungwa, vigumu kama changarawe. Alivisaga mpaka vikawa laini kama poda ya mtoto, akavikoroga kwenye uji, akaonja, akakunja uso, akaongeza sukari. Kopo akalirudisha mafichoni, ndani ya buti la mvua lililopotelewa na mwenzake.

Kwenye kopo kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye misuli, anacheka. Muuza duka alimwambia, "Hii ni vitamini C kali, shangazi. Ukimpa maiti ataomba chai."

Uji ulikuwa wa Kipusa, binti yake wa pekee. Figo za Kipusa zilikuwa zimekufa, zote mbili. Siku za mashine alilazwa kwenye kiti kirefu hospitalini, damu ikatolewa kwa mrija, ikasafishwa, ikarudishwa. Alikuwa amekonda mpaka bangili zinamtoka zenyewe. Akimaliza, nesi anampa kidonge kimoja cha vitamini, kidogo kama punje ya mtama.

"Nesi mwanangu," Mama alimuuliza siku moja, "hiki ndicho chenyewe au ni cha kuonjesha?"

Nesi alicheka. "Kinatosha, mama. Mashine ikiosha uchafu inaondoka na vitamini pia, ndiyo maana anameza akishamaliza. Kimepimwa kwa watu wa mashine. Za madukani usimpe. Nyingine hazina pa kutokea, zinarundikana mwilini. Na hiyo C ya makopo, hata mwenye figo nzima akiibugia inaweza kumfanyia mawe."

Mama aliitikia kwa heshima zote. Moyoni akasema, figo zenyewe zimeshakufa, hayo mawe yatajengea wapi?

Na mama yeyote angesema hivyo, tusidanganyane. Mtoto anaisha mbele ya macho yako, halafu unaambiwa punje inatosha.

Tumaini lote lilikuwa kwa Baba. Walimpima wakakuta damu yake na ya binti zinaelewana, na figo zake, kwa maneno ya daktari, ni za kijana. Angetoa moja. Ila daktari alitaka kwanza Kipusa apate nguvu za kuhimili kisu. Katika maelezo yote yale, Mama aliondoka na neno moja tu: nguvu.

Basi ikawa uji kila asubuhi. Mwanzoni alimsimamia mwenyewe. Kipusa alikuwa akimeza funda moja, anasita, anamtazama mama yake kwa huruma. Mama akawa analia. Kipusa akimwona naye analia. Baba ikabidi aingilie.

"Mke wangu, unamnywesha mtoto machozi. Lete hilo bakuli, nitakaa naye mimi."

Tangu siku hiyo Baba ndiye aliyepeleka uji chumbani. Mama alibaki jikoni, anawasikia wakicheka nyuma ya mlango uliorudishiwa. Bakuli lilirudi kavu, kama limeoshwa.

"Umekwisha?"

"Umekwisha wote," Baba alisema, akipangusa masharubu.

Mama akashukuru Mungu na mwenye duka.

Na kweli, Kipusa akaanza kupata nafuu. Miguu ikaacha kuvimba. Bangili zikakaa. Watu wa mashine hupimiwa hata maji ya kunywa, maana hawakojoi, kila wanachokunywa kinabaki mwilini. Nesi akamsimamisha Kipusa kwenye mizani, akatazama, akapiga makofi.

"Umeona, mama? Huyu anafuata masharti. Hajazidisha hata kikombe. Laiti wote wangekuwa kama yeye!"

Mama akatazama dari.

"Au kuna kitu kingine unampa nyumbani?"

"Nimpe nini mimi, mwanangu? Mapenzi tu."

Jioni ile alipitia dukani akanunua kopo jingine, kubwa zaidi. Asubuhi akaongeza kipimo. Jambo likienda vizuri huliachi njiani.

Siku ya kupangiwa upasuaji walitoka wote watatu, wamevaa kama wanaokwenda kupigwa picha. Mama alilitia kopo kwenye mkoba. Alikuwa ameshaamua: tarehe ikitajwa tu, anamwekea nesi mezani ili na yeye ajifunze.

Daktari hakutaja tarehe. Alikuwa amempima Baba upya, kipimo cha mwisho, na sasa alikuwa akiitazama picha kwenye kioo cha kompyuta muda mrefu kuliko inavyopendeza.

"Binti yuko tayari," alisema. "Mzee ndiye hatuwezi kumpasua. Figo zako zimejaa mawe, na zimeanza kuharibika. Hatuwezi kuchukua hata moja. Mara ya kwanza zilikuwa safi kabisa. Niambie, kuna vitamini unatumia? Hasa C, hizi za makopo?"

Mama alifunga zipu ya mkoba polepole.

Baba akacheka. "Vitamini nizitoe wapi, daktari? Mimi ni chakula cha nyumbani tu, na ule uji wa Kipusa. Yeye maji kapimiwa, hathubutu kuunywa, na mama yake akiona umebaki analia. Basi tukapatana mimi na mwanangu, kila asubuhi naumaliza mimi, na bakuli naliramba."