Mwizi wa Watoto wa Bi Gapi

Ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwa watu, aliishi Bi Gapi, samaki mdogo mwenye udadisi usiokwisha. Asubuhi moja alizaa watoto ishirini. Kufika adhuhuri, walibaki kumi na mmoja.

"Humu mna mwizi," alimwambia Konokono, aliyekuwa akilamba ukoga kwenye kioo. "Wewe hutoki hapo kutwa nzima. Umemwona?"

"Nimemwona, bibi."

"Ni nani?"

"Nikikwambia hutaniamini. Ila wanao waliobaki wamejificha kwenye majani. Yaache yalivyo."

Maneno hayo yakazidi kumwasha Bi Gapi. Akajiambia kwamba kama watoto wamejificha majanini, basi na mwizi yumo humo humo. Akaanza kuyang'oa, shina baada ya shina, mpaka tangi likabaki wazi na watoto wote wakaonekana juu ya changarawe, wakitetemeka. Bi Gapi hakumwona mwizi.

"Basi nitawalinda mwenyewe," akasema, akakaa katikati yao, macho kodo.

Muda si muda njaa ikamuuma. Kitu chembamba kikapita mbele yake kikijinyonganyonga, mfano wa kiluwiluwi cha mbu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Kikapita kingine, na kingine tena.

Alipotazama chini, changarawe ilikuwa tupu. Akaogelea mbio hadi kwa Konokono.

"Amekuja tena! Safari hii umemwona sawasawa?"

"Meza kwanza, bibi," Konokono akamjibu, "ndipo uniulize."