Makoti Meupe ya Chuo Kipya

"Mama, mbona mfuko uko huku?" mwanafunzi aliuliza mbele ya kioo cha fundi cherehani. Alishika kalamu kwa mkono wa kulia, akihangaika kuichomeka kwenye mfuko wa kifuani, nao uko kulia vilevile.

Fundi alitaka kucheka. Kisha akauona mfuko.

Chuo cha udaktari kilikuwa kimefunguliwa mwezi ule, mtaa wa pili tu, hata kengele yake ilisikika pale dukani. Binti wa fundi hakukisubiri. Alikuwa amepanda basi kufuata chuo cha mbali, na basi halikufika. Koti lake alishonewa na mama mwenyewe, mfuko upande wa kulia, maana yule mtoto alikuwa wa mashoto tangu kushika kijiko.

"Nisamehe, mwanangu." Fundi alichukua wembe, akatafuta uzi wa kuanzia kuufumua mfuko. "Mikono imejiendea yenyewe."

"Usijali, mama. Ni koti moja tu."

Fundi aliinua macho kwenye kamba. Makoti ya darasa zima yalining'inia pale, meupe pe, yamenyooshwa kwa pasi, na kila moja lilikuwa na mfuko upande wa kulia.