Lango Lisilofunguliwa

Binti alikuwa amekalia mbao za lango la bwawa, miguu ikining'inia, na hakuna aliyeweza kumbandua.

“Shuka, mwanangu,” mama yake alisema. “Bahari inajaa. Kamba wetu wanangoja maji mapya.”

“Leo halifunguliwi, Mama. Nimeuona mwani, ule mbaya. Kwa mlaji hauna neno, ila kamba wenyewe unawamalizia hewa.”

Mama aliyatazama maji. Yalimeremeta, na kamba walirukaruka kama watoto waliotoka shule.

“Mbona mimi siuoni?”

“Hata mimi nimeuona kwa hadubini tu. Tukingoja kuuona kwa macho, tutawaona na kamba wakielea.”

Mama aliikodolea bahari, iliyokuwa ikipanda polepole kwenye mfereji wanaochangia na jirani. Jasho la msimu mzima lilikuwa ndani ya bwawa lile. Akakunja mikono ya gauni.

“Basi tuwavue leo leo, wadogo kwa wakubwa. Maji yakipwa tunafungua, wanajileta wenyewe.”

Ndivyo walivyovuna siku zote: wavu hutegwa langoni, bwawa humwagwa mferejini, na watu hukaa kivulini wakipiga soga.

“Hata yakipwa, Mama, halifunguliwi. Tutawakokota kwa mikono.”

“Hivi huko chuoni mlifundishwa kuuchukia mgongo wangu?”

Hata hivyo, yeye ndiye aliyetangulia kuingia majini.

Mjomba akaitwa, shangazi akaja na makapu, na bwawa likageuka uwanja wa mieleka. Wavu ulinasa, matope yaliwameza hadi magotini. Mjomba aliteleza, akazama, akaibuka na kamba ndani ya shati.

“Huyu nimemvua peke yangu!” alipiga kelele. “Asinidai mtu!”

“Wewe ndiye uliyevuliwa,” shangazi alimjibu, na kicheko kikawaangusha wote.

Ng'ambo ya mfereji, jirani alikuwa ameegemea lango lake. Bwawani mwake mlikuwa na vifaranga vya kamba, vidogo kama punje za mchele, alivyovimwaga wiki hiyo hiyo.

“Jamani!” aliwapigia kelele. “Lango mmelijenga la pambo?”

Walimwacha acheke. Hadi jua linapunguza ukali, makapu yalikuwa yamefurika na kamba wote walikuwa nchi kavu, wazima. Mama alimkumbatia binti yake, matope kwa matope.

Bahari ikaanza kujaa tena. Jirani akainama kung'oa mbao za lango lake.

“Usifungue, jirani!” Mama aliruka, kikapu kikamponyoka. “Utaviua vifaranga! Bahari inaleta mwani!”

Binti alimshika mkono kwa upole.

“Mwache afungue, Mama. Bahari ni safi. Mwani umo bwawani mwetu, na mfereji ni wetu sote.”