Makasha Manne

Darlene aliona koti la mdogo wake limetandazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la huyo mdogo, lililoegeshwa nje ya duka analofanyia kazi, akashtuka. Nani anaacha koti garini Desemba, theluji ikianguka Ohio nzima?

Kwa wiki mbili mdogo wake, muuzaji wa duka la vitu vya watoto, alikuwa akimwapia: “Wale wanasesere wanaogombaniwa na kila mtu wameisha, dada. Hata mmoja hakuna.” Darlene alikuwa amepanga foleni mara tatu, akasukumwa, akang'oka ukucha, akarudi kwa bintiye mikono mitupu.

Alifungua mlango, akainua koti.

Makasha manne. Nyuma ya plastiki, nyuso nne zenye mashavu manene zilimkodolea macho.

“Acha, dada!” Mdogo wake alitoka dukani mbio. “Hao ni wa mke wa meneja.”

“Wanne? Kwani ana watoto wangapi?”

“Hana. Anawagawia mashoga zake.”

“Na wewe si mama mdogo wa mtu?”

“Nitafukuzwa kazi! Krismasi hii hii!”

Darlene alimtazama, akamwonea huruma ya kweli. Kisha akachukua kasha moja, akalikumbatia, akaondoka bila kukimbia.