Karibu ya Bi Mafunda

Bi Mafunda aliuza kitanda chake alipie ada ya kuunganishiwa maji ya mji. Fundi alipomaliza kufunga bomba uani, akamwambia, "Haya mama, fungua."

Akafungua. Bomba likakohoa, likatema upepo, likanyamaza.

Jirani yake, Sikudhani, akachungulia juu ya ua. "Shoga, umeuza kitanda ukanunua kikohozi!"

Miaka yote Bi Mafunda ndiye aliyepiga hodi kwa watu, ndoo mkononi. Akaliinamia bomba, akanong'ona kama anamkaribisha mgeni mwenye haya: "Karibu. Karibu ndani."

Maji yakaja kwa kishindo, yakashika njia ya mlangoni. Sikudhani akaziba mdomo. Bi Mafunda akavua kandambili, akasimama pembeni kuyapisha.