Shule ya Sifuri Nukta Nne Tisa

"Soma tena," Cibalonza alisema.

Murhula, karani wa ofisi ya elimu, akasoma kwenye kioo cha kompyuta: "Shule ya Nyantende. Wanafunzi ishirini na saba. Walimu, sifuri."

Sifuri maana yake shule inafungwa. Orodha ilikuwa inaondoka saa sita mchana kwenda Kinshasa. Cibalonza, mkuu wa shule hiyo, alikuwa ametembea tangu alfajiri, rejista ya shule kwapani, na hakukung'uta udongo mlangoni.

"Mashine haikuchukii, madame directrice. Inagawa mwalimu mumoja kwa batoto makumi tano na tano. Ninyi hamufiki mumoja, munabaki na kipande. Amri ya INT inakata kipande."

"Na shule ya batoto makumi tano na ine?"

"Sifuri pia."

"Basi mumefundisha mashine kuiba."

"Lugha ya mashine, BASIC, iko hivyo, maman. Si mimi."

"Vidole ni vya nani?" Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Mimi sokoni, kopo ya maharagwe ikipita nusu, ninahesabu nzima. Isipofika, ninaiacha. Fundisha mashine vile."

"Directrice anauza na maharagwe?"

"Mwaka huu nani hauzi? Na udirectrice wenyewe bazazi walinipa pamoja na funguo, mwalimu wa mwisho alipoondoka."

Murhula akacheka. Akarudi kwenye mstari wake, akaongeza nusu kabla ya kukata, akaiendesha programu upya. Shule nne zilizokuwa na sifuri zikapata mwalimu. Nyantende ikabaki palepale.

"Unaona? Hamukufika nusu. Mumekosa mutoto mumoja tu. Kwa ishirini na nane, ingetoa moja."

"Andika ishirini na nane."

"Siandiki mutoto wa hewa."

"Nani amesema hewa? Atakuja kila siku, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Siku asipokuja, tuma askari wamufuate Nyantende."

Murhula alimtazama. Cibalonza hakupepesa macho. Murhula akatoa fomu ya kuandikisha mwanafunzi.

"Darasa?"

"La kwanza."

"Jina?"

"Cibalonza."

"Jina la mwanafunzi, maman. Si lako."

"Nimesikia ulichouliza."

Murhula akamsogezea kalamu aweke sahihi. Cibalonza akairudisha upande wa Murhula wa meza, akanyoosha kidole gumba.

"Lete wino. Kalamu atanifundisha huyo mwalimu munayemutuma."