Beseni Bila Miguu

Maji ya beseni alimotumbukiza miguu yalipogeuka kahawia, mama alitabasamu.

"Sumu hiyo inatoka, mwanangu. Ndiyo maana vidonge vya presha nimeviacha."

Binti yake, aliyekuwa akiwatoza watu pesa kwa mashine hiyo ya umeme ya "kutoa sumu" miguuni, aliizima. Wateja kwenye benchi walikuwa wametega masikio. Vifundo vya miguu ya mama vilikuwa vimevimba, ngozi ikimetameta kama ya puto.

Binti aliitoa miguu ile taratibu, akaifuta. Akamwaga maji, akajaza mengine safi, akatia chumvi, akawasha mashine bila mguu wa mtu ndani.

"Tazama, mama."

Wateja nao wakasogea. Maji yakaanza kuwa kahawia.

"Ni kutu ya vyuma vya mashine tu. Nakuomba, anza tena kumeza vidonge vyako."

Mama aliinua macho kutoka kwenye beseni.

"Kumbe siku zote ulikuwa unajua?"